Zimamoto Wabishe Hodi Kabla ya Moto

Usiku wa Oktoba 8, 1871, Marekani iliwaka sehemu mbili. Mjini Chicago moto ulianzia kwenye banda la mifugo, ukateketeza majengo yapatayo 17,000, ukaua watu karibu 300 na kuwaacha wengine wapatao 100,000 bila makazi. Usiku huohuo, kaskazini zaidi, moto uliotoka msituni ukisukumwa na upepo mkali uliuvamia mji mdogo wa Peshtigo katika jimbo la Wisconsin. Huko na katika vijiji vya jirani walikufa watu wasiopungua 1,200, na wapo wanaokadiria kuwa walifika 2,500.

Iliyokumbukwa ni Chicago. Wiki ya Kuzuia Moto, ambayo Rais Calvin Coolidge aliitangaza rasmi mwaka 1925 na ambayo Marekani huiadhimisha kila Oktoba, hupangwa kufuata tarehe ya moto huo wa Chicago. Na idara za zimamoto za mijini zilijengwa kwa ajili ya moto wa aina hiyo: kuta za matofali, mabomba ya maji chini ya barabara, askari wa kudumu kituoni, na saa inayohesabu dakika tangu simu ilie hadi gari lifike. Moto wa aina ya Peshtigo, yaani msitu kuingia mjini, uliachiwa watu wa misitu.

Leo mgawanyo huo umevunjika. Novemba 8, 2018, moto ulioanza alfajiri kwenye nyaya za umeme ulifika mji wa Paradise, California, katika muda usiofika saa mbili. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yakateketea. Desemba 30, 2021, moto wa nyasi uliingia Louisville na Superior, miji ya kawaida ya tambarare katika jimbo la Colorado, ukala nyumba 1,084 katika sehemu ya siku moja. Agosti 2023 ikawa Lahaina, Hawaii, ambako walikufa watu wapatao 100. Januari 2025 ikawa Los Angeles, mji wenye moja ya idara kubwa na zenye vifaa bora vya zimamoto duniani, na bado majengo zaidi ya 16,000 yaliungua mjini na katika vitongoji vya jirani, na watu wapatao 30 wakapoteza maisha.

Hoja yangu ni kwamba katika moto wa namna hii, kazi kubwa ya idara ya zimamoto ya mji hufanyika miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, mlangoni kwa mwananchi, na hufanywa na kitengo kilekile ambacho wengi hukiona cha pembeni: kitengo cha huduma kwa jamii. Mji unaokichukulia kitengo hicho kama mapambo ya idara unajidanganya kuhusu mahali ulinzi wake ulipo.

Anza na hesabu. Nyumba moja ya kawaida ikiwaka, viwango vya kitaalamu vya Marekani vinataka wazima moto takribani 15 hadi 17 wafike haraka: wa kuvuta mipira ya maji, wa kuingia ndani kutafuta watu, wa kupanda paa, wa kuendesha pampu, na kikosi cha kuwaokoa wenzao wakinasa. Sasa chukua zile nyumba 1,084 za Colorado, kwa watu 15 kila moja. Unapata zaidi ya watu 16,000. Idara ya zimamoto ya New York, kubwa kuliko zote Marekani, ina askari wa zimamoto wapatao 11,000. Miji ile miwili ya Colorado kwa pamoja ina wakazi takribani 34,000, watoto na wazee wakiwemo. Hakuna bajeti itakayoziba pengo hilo kwa kununua magari.

Maji nayo yana hesabu yake. Mtaa wa Pacific Palisades, Los Angeles, ulikuwa na matangi matatu mlimani, kila moja la galoni milioni moja, karibu lita milioni 3.8. Matumizi yalipanda hadi mara nne ya kawaida kwa saa 15 mfululizo, na kabla ya mapambazuko ya Januari 8 matangi yote matatu yalikuwa yamekauka. Kelele za kutafuta wa kulaumiwa zilianza hapohapo. Lakini mabomba ya barabarani ya mji hujengwa kwa ajili ya nyumba moja au chache zinazoungua. Mamia yakiungua kwa pamoja, kila nyumba inayoanguka huacha bomba lake limepasuka likimwaga maji ardhini, presha inashuka, na tangi la mlimani halipati nafasi ya kujaa tena. Ndege nazo hazikuweza kuruka kwa usalama usiku ule kwa sababu ya upepo. Ndivyo ilivyokuwa Colorado pia.

Kwa hiyo swali la maana ni kwa nini nyumba inashika moto hata kabla gari la zimamoto halijafikiriwa. Jibu lake linajulikana kwa miaka mingi. Jack Cohen, mtafiti wa Huduma ya Misitu ya Marekani, alishiriki majaribio ya kuwasha misitu kwa makusudi kaskazini mwa Canada mwishoni mwa miaka ya 1990. Waliweka kuta za mbao kwa umbali tofauti na miti iliyokuwa ikiwaka hadi kileleni. Kuta za umbali wa mita 10 baadhi zilishika moto. Za mita 30 hazikushika. Ule ukuta mkubwa wa ndimi za moto tunaouona kwenye picha hauna uwezo wa kuwasha nyumba kutoka mbali kama tunavyodhani, maana unapita kwa dakika chache na joto lake hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali nao.

Kinachowasha nyumba nyingi ni cheche: vipande vya gome, majani ya misonobari na vibao vya paa vinavyowaka, vikibebwa na upepo mamia ya mita, wakati mwingine kilomita nzima mbele ya moto wenyewe. Zinanyesha juu ya mtaa. Nyingi zinazimika. Chache zinadondoka mahali pabaya. Ndiyo maana baada ya mioto hii unaona kitu kinachowashangaza watu: nyumba imebaki jivu, na mti uliokuwa mita chache kutoka ukutani bado una majani ya kijani. Mti haukuipa nyumba moto. Moto uliingia kwa njia nyingine, na mara nyingi nyumba ndiyo iliyouchoma mti upande unaotazama ukuta.

Ofisa wa zimamoto anayejua kazi yake akija kukagua nyumba, hizo njia nyingine ndizo anazozitafuta, na ni vizuri kumfuata hatua kwa hatua. Haanzi na msitu ulio nyuma ya nyumba. Anaanza juu, kwenye paa: ni la mbao, au la kitu kisichowaka? Kisha anatia mkono kwenye mfereji wa paa na kutoa kiganja cha majani makavu, mepesi kiasi kwamba yanapeperuka yenyewe. Cheche moja ikilala humo, moto unapata njia ya kupanda chini ya kingo za paa. Anaangalia matundu ya hewa ya darini na ya chini ya sakafu. Wavu wake una matundu makubwa kiasi gani? Wataalamu wanataka yasizidi milimita 3, kwa sababu cheche inayopenya huanguka kwenye vumbi, maboksi na nguo za zamani, na nyumba huungua kutoka ndani huku kuta za nje zikiwa hazijaguswa.

Halafu anachuchumaa. Hapo ndipo wenye nyumba wengi wanapoanza kushangaa. Anamulika tochi chini ya baraza la mbao na kukuta kuni zilizopangwa vizuri kwa ajili ya baridi, pengine na mtungi wa gesi kando yake. Anaonyesha pale uzio wa mbao unapogusa ukuta wa nyumba, kwamba nyasi zikiwaka mwisho wa kiwanja, uzio ule utauleta moto hadi dirishani kama utambi. Anagusa matandazo ya maganda ya miti chini ya madirisha, kichaka kizuri kilichoegemea ukuta, zulia la mlangoni. Mita moja na nusu ya kwanza kuzunguka nyumba anataka isiwe na chochote kinachowaka: kokoto, saruji, udongo mtupu. Kutoka hapo hadi mita 9, nyasi fupi na miti isiyogusana. Kutoka mita 9 hadi 30, kupunguza msongamano ili moto ukifika uwe umeshuka chini na kupoteza nguvu.

Karibu yote hayo ni kazi ya jumamosi mbili tatu, reki, ngazi na wavu wa chuma. Hiyo ndiyo sehemu inayonipa matumaini na kunikera kwa wakati mmoja. Tunajua nini kinachoma nyumba, dawa yake nyingi ni ya bei ndogo, na bado mitaa inaungua kwa sababu hakuna aliyekuja kumwonyesha mwenye nyumba kwa kidole.

Na kuja kumwonyesha kunahitaji kufunguliwa mlango. Hapa ndipo ninapotofautiana na madiwani wanaodhani kwamba kufunga vitambua moshi bure, kuwafundisha watu kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, kukagua viti vya watoto kwenye magari na kutembelea shule ni kazi za kujipendekeza kwa umma. Kwanza zinaokoa maisha zenyewe. Marekani, takribani vifo vitatu kati ya vitano vinavyotokana na moto wa majumbani hutokea kwenye nyumba zisizo na kitambua moshi kinachofanya kazi. Na mtu aliyejifunza kukandamiza kifua kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika anaweza kumweka jirani yake hai hadi gari la wagonjwa lifike.

Faida ya pili haionekani kwenye ripoti za mwaka. Askari aliyepanda kwenye stuli ya jikoni kumfungia bibi kitambua moshi ameona pia kwamba bibi huyo anatumia mashine ya oksijeni, haendeshi gari tena, na mwanawe anaishi mji mwingine. Idara nyingi za Marekani hupokea miito mingi zaidi ya wagonjwa kuliko ya moto. Zaidi ya nusu ya miito yote ni ya kitabibu. Maana yake ni kwamba zimamoto tayari wanajua ni mlango upi una mtu asiyeweza kutembea. Wengi wa waliokufa Paradise walikuwa wazee wa zaidi ya miaka 65, baadhi yao wakiwa na ulemavu, na wengi walikutwa ndani ya nyumba zao au karibu nazo. Ujuzi ule wa mlango kwa mlango ukiandikwa, ukitunzwa kwa siri inayostahili na kuunganishwa na mpango wa kuhamisha watu, siku ya moto kuna mtu atatumwa kwenda kumchukua bibi yule badala ya kusubiri apige simu ambayo mtandao wake huenda umeshakatika.

Los Angeles yenyewe ilishaliona hilo zamani, ingawa kwa sababu ya tetemeko la ardhi. Baada ya tetemeko la Mexico City la Septemba 1985, ambako wananchi wa kawaida waliokoa watu zaidi ya 800 lakini zaidi ya waokoaji 100 wakafa kwa kutojua namna ya kujikinga, idara ya zimamoto ya Los Angeles ilianza kuwafundisha wakazi kuwa vikundi vya dharura vya mitaa: kuzima moto mdogo, kufunga gesi, kupanga majeruhi, kutafuta watu kwa usalama. Kuanzia 1993 mpango huo ulienezwa Marekani nzima. Watu waliopitia mafunzo hayo ndio wa kwanza kukubali ukaguzi wa nyumba na ndio wanaowavuta majirani. Ukiondoa mafunzo hayo kwa kisingizio cha kubana matumizi, unaondoa pia watu hao.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni Colorado Springs. Mwaka 2002 moto wa Hayman uliwaka katika milima ya karibu, na mji ukapiga marufuku paa mpya za vibao vya mbao. Idara ya zimamoto ikaenda mbali zaidi: ilipima hatari ya moto wa nyika kwa nyumba zipatazo 35,000, moja moja, na kuweka matokeo kwenye intaneti ambako mtu yeyote angeweza kutafuta anwani na kuona daraja lake. Ikaendesha pia huduma ya kusaga matawi: wakazi wanakata vichaka na kuvilundika kando ya barabara, kikosi kinapita na mashine. Haina mvuto wa gari jekundu linalopiga king'ora, lakini inaondoa kisingizio kikubwa kuliko vyote, yaani kwamba mwenye nyumba hana pa kuyapeleka matawi hayo.

Juni 2012 mtihani ukaja. Moto wa Waldo Canyon ulishuka mjini Juni 26 kwa upepo mkali, ukateketeza nyumba 346 na kuua watu wawili. Mtaa wa Cedar Heights, ambao wakazi wake walikuwa wamefanya kazi kwa miaka bega kwa bega na idara kupunguza vichaka, ulinusurika. Mtaa wa Mountain Shadows ndio uliobeba hasara. Naandika yote mawili kwa sababu mtu asije akaahidi kwamba ukaguzi ni kinga kamili. Upepo siku ile ulichagua njia yake, na kazi ya askari waliosimama kati ya nyumba na nyumba ilikuwa na uzito mkubwa. Ila askari hao walichagua pa kusimama, na mahali pa kusimama ni pale penye nafasi. Nyumba iliyozungukwa na vichaka hadi ukutani, kikosi chenye busara huipita na kwenda kutetea inayofuata. Mwenye nyumba hupaswa kuambiwa ukweli huu mapema na waziwazi.

Kuna matokeo mengine ya ule upimaji wa Colorado Springs yanayostahili kusomwa na kila meya. Watafiti walioangalia bei za nyumba waligundua kwamba kabla ya madaraja kuwekwa hadharani, nyumba zenye hatari kubwa ziliuzwa ghali zaidi. Watu walikuwa wanalipia mandhari, mteremko na miti iliyosongamana. Baada ya madaraja kutoka, uhusiano huo ulitoweka. Idara ya zimamoto, bila faini na bila amri, ilibadilisha kile wanunuzi walichokuwa tayari kulipia, kwa kusema tu hadharani kile ambacho maofisa wake walikuwa wanakijua.

Hata hivyo kusema peke yake kuna kikomo, na kikomo hicho ni jirani. Uchambuzi uliofanywa baada ya Paradise ulionyesha kwamba kati ya nyumba zilizojengwa baada ya kanuni za California za mwaka 2008, ambazo zilidai paa, kuta, madirisha na matundu ya hewa yanayostahimili cheche, takribani nusu zilibaki bila madhara. Za kabla ya hapo zilizobaki hazikufika moja kati ya tano. Huo ni ushahidi mzuri wa kanuni. Utafiti mwingine wa mji huohuo ukaonyesha upande wa pili: nyumba ilikuwa hatarini zaidi kadiri nyumba nyingine iliyoungua ilivyokuwa karibu nayo. Nyumba inayowaka hutoa joto kwa muda mrefu kuliko mti wowote. Unaweza kufagia mita yako moja na nusu hadi ing'ae, na bado ukaunguzwa na stoo ya jirani iliyo mita tano kutoka dirishani kwako.

Kwa hiyo mtaa ndio kipimo, na hiari peke yake haitoshi. Hapa najua nagusa watu pabaya. California ilipitisha mwaka 2020 sheria ya kudai ile mita moja na nusu tupu katika maeneo ya hatari kubwa, na hadi Los Angeles inaungua Januari 2025 kanuni za kuitekeleza zilikuwa bado hazijakamilika. Wakazi wanaopinga wana hoja za kweli: kivuli cha mti kwenye joto, bustani iliyolelewa miaka thelathini, gharama. Nawasikiliza, na bado naona wanakosea kwenye jambo moja la msingi, kwamba kichaka kilichoegemea ukuta wao ni suala lao binafsi. Mji hauruhusu mtu kufunga nyaya za umeme atakavyo ndani ya ghorofa lenye familia ishirini. Mtaa uliobanana karibu na nyika ni ghorofa hilo, limelazwa tu.

Lakini kanuni bila msaada ni ukatili, na hili naliona linasahaulika hata na wanaoniunga mkono. Mzee wa miaka 80 hawezi kupanda ngazi kusafisha mfereji. Mpangaji hana haki ya kung'oa uzio wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anayeishi mbali hana haraka. Familia yenye kipato kidogo ikiambiwa ibadilishe paa zima itachagua kukaa na hatari. Idara inayotuma barua ya onyo na kuondoka imefanya nusu ya kazi, na ni ile nusu inayowafanya watu wasifungue mlango safari ijayo. Ukaguzi uje na kikosi cha kazi: vijana wa kulipwa wa msimu, mashine ya kusaga matawi, mabunda ya wavu wa chuma, na fedha za umma kwa ajili ya paa za wasiojiweza. Mpangaji naye awe na njia ya kumwarifu mkaguzi bila kufukuzwa.

Kuhusu kuondoka, nitasema kwa ufupi kwa sababu somo lake limeshalipiwa kwa damu. Kabla ya Februari 7, 2009, ujumbe wa zimamoto wa Australia ulikuwa jiandae ubaki uitetee nyumba yako, au uondoke mapema. Siku ile katika jimbo la Victoria walikufa watu 173, na baada ya hapo maofisa walianzisha daraja la juu kabisa la hatari ambalo ujumbe wake ni mmoja: uwe umeshaondoka. Paradise ilikuwa na mpango wa kuhamisha watu kanda kwa kanda, na iliufanyia mazoezi, ila mpango ulidhani moto utakuja upande mmoja kwa mpangilio. Ulipowaka sehemu nyingi kwa pamoja, mji mzima ulimiminika kwenye barabara chache. Lahaina ving'ora vya nje havikulia. Kwa upande mwingine, Fort McMurray huko Canada, Mei 2016, watu wapatao 88,000 waliondoka kwa barabara kuu moja na hakuna aliyeuawa na moto wenyewe, ingawa wawili walikufa kwenye ajali njiani. Idara ya mji inayojua mitaa yake huwaambia watu namba ya kanda yao, njia mbili za kutokea na nani wa kumpitia, na huwaambia hayo siku ya utulivu, mlangoni, wakati uleule wa kukagua mfereji. Arifa ya simu ije kuwakumbusha tu.

Kuna watu wengine wanaonufaika ambao hatuwataji vya kutosha: askari wenyewe. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya uzimaji moto katika kundi la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa nyumba inayoungua ni plastiki, rangi, sofa, betri na nyaya. Anayepigana na moto msituni mara nyingi hana mtungi wa hewa mgongoni, na moto ukiingia mtaani anavuta moshi huo kwa saa nyingi, siku nyingi. Kila nyumba ambayo haikuwaka kwa sababu mtu alikagua matundu yake mwezi Aprili ni moshi ambao haukuingia kwenye mapafu yake. Vyama vya wafanyakazi wa zimamoto vingepaswa kuwa watetezi wa kwanza wa kitengo cha huduma kwa jamii, kwa nguvu ileile wanayoitumia kudai vifaa.

Kinachobaki ni kipimo, kwa sababu idara hufanya kile inachopimwa nacho. Leo idara ya mji hujieleza mbele ya baraza kwa dakika za kufika kwenye tukio. Ni kipimo halali kwa moto wa jikoni na kwa mgonjwa wa moyo, wala sitaki kiondolewe. Kwa moto wa nyika hakisemi lolote. Los Angeles magari yalifika. Bajeti ikibana, kitengo kisicho na dakika za kuonyesha ndicho kinachopoteza watu kwanza, na hakuna anayeona hasara hadi siku ya upepo.

Basi mji wowote wenye nyika mpakani uchapishe kila mwaka, kabla msimu wa ukavu haujaanza, hesabu ya mtaa kwa mtaa: nyumba ngapi zilikaguliwa, ngapi zilirudiwa kuona kama kasoro zimeondolewa, ngapi bado zina paa la mbao, wakazi wangapi hawawezi kuondoka bila kubebwa na nani amepangiwa kwenda kuwachukua. Majina na anwani za wagonjwa yabaki kwa idara. Namba ziwe za umma. Bajeti ya kitengo cha huduma kwa jamii ipigiwe kura hesabu hiyo ikiwa mezani, na diwani atakayetaka kuikata aseme kwanza ni mtaa upi usikaguliwe mwaka huu.